Serikali ikikata posho ya mtoto, nani analipa?

Wazazi wenzangu, mtanisamehe wiki hii. Niliahidi tutaendelea na mada ya watoto wanaosumbua kula, lakini kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwishoni mwa Novemba 2025, na nimeona bora nilitoe. Linahusu familia yangu, na sijivunii sehemu yangu ndani yake.

Siku hiyo jioni nilikuwa nachambua mchele nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza. Sauti ilikuwa inatetemeka. Alisema, "Dada, wameuondoa. Kuanzia Aprili na huyu wangu wa mwisho atahesabiwa." Halafu akanyamaza, nikasikia anavuta makamasi.

Alichokuwa anakizungumzia ni sheria iliyoitwa ukomo wa watoto wawili. Waziri wa Fedha wa Uingereza, Rachel Reeves, alikuwa ametangaza katika bajeti ya tarehe 26 Novemba kwamba ukomo huo utafutwa kuanzia Aprili 2026. Kwa wengi wetu huku hiyo ni habari ya mbali. Kwangu haikuwa mbali hata kidogo, maana sheria hiyo ndiyo iliyomtoa binti yangu shuleni, hapa hapa Tanga.

Ngoja nieleze.

Mdogo wangu yuko Uingereza zaidi ya miaka ishirini na ni raia wa kule. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: anawaogesha, anawalisha, anawageuza usiku. Shemeji yangu anaendesha basi. Ni watu wa kazi. Walikuwa na watoto wawili, na kila mwezi mdogo wangu alituma hela ya dawa za presha za mama, na kila muhula alilipa ada ya binti yangu kwenye shule ya bweni. Mimi na mume wangu tusingeiweza ada ile. Tulizoea. Nasema ukweli, tulizoea mpaka tukaona ni haki yetu.

Mwanzoni mwa 2018 alijifungua mtoto wa tatu. Tukashangilia, tukatuma kanga na maombi. Miezi ikapita, hela ya mama ikaanza kuchelewa. Kisha ikapungua nusu. Mwezi Oktoba akaniandikia: "Dada, ada ya Januari sitaiweza. Naomba mnivumilie."

Tukakaa kikao cha familia. Kaka yetu mkubwa akasema maneno ambayo najua wengi wenu mmewahi kuyasikia au kuyasema: "Haiwezekani. Kule serikali inalipa kwa kila mtoto. Akizaa ndio anaongezewa. Huyu ametuchoka tu." Nami, badala ya kuuliza, nikachukua simu nikamwandikia mdogo wangu: "Umeshiba, umetusahau." Hakujibu. Tulikaa karibu miezi mitano bila kusemezana.

Januari 2019 binti yangu akahamia shule ya msingi ya serikali, darasa la sita, kutwa. Alilia wiki nzima. Mama naye akawa anameza dawa siku moja na kuruka siku moja, anatuficha, mpaka siku alipoanguka jikoni ndipo tukajua.

Aliyevunja ukimya ni shemeji. Alinipigia usiku akiwa anasubiri zamu yake. Akaniambia, "Shemeji, nakuomba usimhukumu mwenzio. Anakunywa chai na mkate ili watoto wale. Kaa nikupe hesabu." Akanipa hesabu. Nimeirudia mara nyingi tangu siku ile, na leo nataka niwape na ninyi, kwa sababu wengi tuna ndugu huko na hatujui wanaishi vipi.

Kwanza, ni kweli kwamba Uingereza serikali huchangia malezi ya watoto. Jambo hilo ni la zamani. Sheria yake ya kwanza ilipitishwa 1945, na malipo yakaanza Agosti 1946: shilingi 5 za wakati ule kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Mtoto wa kwanza hakulipiwa. Mbunge mmoja mwanamke, Eleanor Rathbone, alilipigania kwa miaka mingi. Serikali ilipotaka hela hiyo ipewe baba, yeye alishikilia ipewe mama, na akashinda. Alifariki Januari 1946, miezi michache kabla malipo hayajaanza. Hoja yake kila mama anaielewa: mshahara hauongezeki kwa sababu nyumba imepata mtoto. Mwajiri anamlipa sawa mwenye watoto wanne na asiye na mtoto.

Baadaye ikaongezwa misaada mingine kwa wazazi wanaofanya kazi za mishahara midogo. Hii si ya watu wanaokaa tu. Mzazi anafanya kazi, mshahara hautoshi kodi ya nyumba na chakula cha watoto, serikali inajazia. Mdogo wangu na shemeji walikuwa kwenye kundi hilo.

Kuanzia mwaka 2010 upepo ukabadilika. Serikali ilisema nchi ina madeni, lazima ibane matumizi, na misaada ya familia ikapunguzwa moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa 2011 iliondolewa hela ya pauni 190 waliyokuwa wanapewa wajawazito. Aprili mwaka huo posho ya mtoto ilisimamishwa pale pale kwa miaka mitatu, ingawa bei za vitu zilikuwa zinapanda. Mzazi aliyekuwa anarudishiwa hadi asilimia 80 ya gharama ya kumlelea mtoto akiwa kazini, akashushwa hadi asilimia 70. Aprili 2012 wazazi wawili wanaoishi pamoja waliokuwa wanapata nyongeza kwa kufanya kazi saa 16 kwa wiki, wakaambiwa sasa lazima zifike 24 kwa jumla. Kuanzia 2016 viwango vya misaada mingi vikagandishwa tena, miaka minne.

Halafu ikaja ya tarehe 6 Aprili 2017. Mtoto wa tatu, au wa nne, akizaliwa kuanzia siku hiyo, hahesabiwi katika ile nyongeza ya wazazi wa kipato cha chini. Walioachwa nje ya sheria ni wachache, kwa mfano mapacha, watoto wa kulelewa na ndugu, na mimba iliyotokana na kubakwa, ambayo mama alitakiwa aithibitishe kwa fomu. Mnaweza kujaza wenyewe fikra za mama anayejaza fomu ya namna hiyo ili mwanawe apate chakula.

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa miezi michache tu baada ya mstari huo. Dada yake na kaka yake wanahesabiwa, yeye hapana. Mwaka aliozaliwa, nyongeza ya mtoto mmoja ilikuwa karibu pauni 231 kwa mwezi, takriban shilingi laki saba zetu kwa thamani ya wakati ule. Alichobakiwa nacho mtoto wa tatu ni ile posho ya kawaida ya watoto wote, pauni 13.70 kwa wiki.

Sasa najua kuna msomaji anasema: si wangeacha kuzaa? Ukizaa, tunza. Hata waziri wa fedha aliyeitangaza sheria hiyo mwaka 2015, George Osborne, alitoa hoja inayofanana na hiyo. Alisema familia zinazopata msaada zifanye uamuzi ule ule wa kifedha unaofanywa na familia zinazojitegemea kwa kazi. Ni hoja inayosikika vizuri, na siikejeli. Mimi mwenyewe huwafundisha wanangu kujikuna wanapofika.

Lakini sikilizeni ilivyokuwa kwa shemeji. Mimba ya mtoto wa tatu ilipoingia, wote wawili walikuwa na kazi za saa nyingi na walikuwa wamepiga mahesabu yao. Mimba ikiwa na miezi sita, mgongo wa shemeji ukamshika. Akapunguziwa saa za kuendesha. Hesabu ya mwanzo ikafutika. Huwezi kumrudisha mtoto. Watoto huzaliwa miaka ya neema na wakakua miaka ya shida, na hakuna mzazi anayejua mwaka upi unafuata upi. Huku kwetu tunalijua hilo vizuri: mtu anaoa wakati karafuu ina bei, anasomesha wakati haina.

Na hoja ya kwamba sheria ile iliwalenga wasiofanya kazi nayo haisimami. Kwa takwimu za serikali yao ya Aprili 2024, watoto milioni 1.6 walikuwa wanaishi katika nyumba zilizoguswa na ukomo huo, na karibu nyumba sita kati ya kumi zilikuwa na mzazi aliye kazini.

Mwingine atasema: basi afanye kazi zaidi. Alijaribu. Ila msaada wao umetengenezwa hivi: kiasi cha mwanzo cha mshahara kinaachwa, kisha kila unapopata zaidi, msaada unapungua. Kwa viwango vya 2025, pauni moja ya ziada kwa mtu anayelipa kodi inakatwa kwanza peni 28 za kodi na bima ya taifa. Katika peni 72 zilizobaki, msaada unapunguzwa kwa asilimia 55. Mkononi zinabaki kama peni 32. Nyongeza ya mtoto mmoja mwaka huo ilikuwa zaidi ya pauni 290 kwa mwezi. Ili mama wa mshahara wa kima cha chini cha mwaka huo, pauni 12.21 kwa saa, aizibe kwa kazi ya ziada, alihitaji zaidi ya saa 70 kila mwezi juu ya zile anazofanya. Hizo ni kama zamu tisa za saa nane. Nani anabaki na mtoto mchanga katika zamu hizo tisa? Akimlipa mtu amlelee, amerudi pale pale.

Shemeji alipomaliza kunieleza, nikabaki nimeshika simu. Nikamuuliza, sasa mnaishije? Akasema, "Tumehamisha." Wamehamisha chakula cha mama kwenda kwa watoto. Wamehamisha usingizi wake kwenda kwenye zamu za usiku, ili mmoja awe nyumbani wakati mwingine yuko kazini. Wamehamisha dawa za mama yetu. Wamehamisha ada ya binti yangu.

Neno hilo ndilo nililotaka tulizungumze leo. Serikali inapokata posho ya mtoto, gharama ya mtoto haifi. Mtoto anakula vile vile, anavaa vile vile, viatu vinambana vile vile. Kinachobadilika ni nani anabeba. Gharama inatoka kwenye hazina inaingia nyumbani, na ikishaingia nyumbani inatafuta asiye na sauti. Mara nyingi ni mama. Kisha ni bibi. Kisha ni mtoto wa mtu mwingine kabisa, kama binti yangu, ambaye jina lake halimo kwenye karatasi yoyote ya Uingereza. Pesa iliyookolewa London, sehemu yake ililipwa Tanga na msichana wa darasa la sita.

Na wala haikuwa lazima iwe hivyo. Ndani ya Uingereza hiyo hiyo, serikali ya Scotland ilianzisha posho yake ya ziada kwa watoto wa familia za kipato cha chini mwezi Februari 2021. Ilianza na pauni 10 kwa wiki kwa kila mtoto, na kufikia Novemba 2022 ilikuwa pauni 25, bila kujali ni wa ngapi. Kwa hiyo mama wa Glasgow mwenye kazi kama ya mdogo wangu alikuwa na kitu cha kushika, na mama wa Leicester hana. Huo ulikuwa uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuamua vingine.

Ndiyo maana tangazo la Novemba lilimliza mdogo wangu. Serikali yao yenyewe imekadiria kwamba kufuta ukomo huo kutatoa watoto 450,000 katika umaskini ifikapo mwaka wa fedha 2029/30. Ni habari njema na nimeipokea kwa furaha. Lakini hakuna malimbikizo. Hela itaanza Aprili 2026, miaka ya nyuma imepita. Mtoto huyo ameota meno, ameanza shule na ameng'oa meno ya utoto, yote hayo bila kuhesabiwa. Sasa anaingia miaka minane. Mama yake anasema kilichomliza zaidi si furaha. Alikumbuka uji aliokuwa anauongeza maji.

Nilimwomba msamaha tangu ile 2019, siku ile ile shemeji aliponipigia. Alinisamehe, lakini najua maneno yangu hayakufutika. "Umeshiba, umetusahau." Nilimwandikia hivyo mtu aliyekuwa na njaa.

Nini tunajifunza sisi tulio huku?

Kwanza, tuulize kabla ya kuhukumu. Ndugu aliye ng'ambo akisema mwezi huu hapana, muulize kama unavyomuuliza jirani: kuna nini? Nasi tumweleze ukweli wetu. Siku hizi mimi na mdogo wangu tunaambiana tarakimu: mshahara huu, kodi ya nyumba hii, dawa za mama kiasi hiki. Zamani tuliona ni aibu. Aibu hiyo ndiyo ilimwangusha mama jikoni.

Pili, tusimjengee mtoto shule juu ya mfuko wa mtu mmoja, hata awe mwema namna gani. Mfuko wake nao unategemea mfuko mwingine ambao wewe huujui na hupigi kura ya kuuamua. Dawa za mama sasa tunagawana watatu: kaka, mimi na mdogo wangu. Sehemu yangu naitoa kwenye kikoba. Mmoja akiyumba, mama hakosi vidonge. Na wewe unayelipiwa ada na ndugu, jitahidi uwe na akiba ya muhula mmoja, hata kama itachukua miaka miwili kuifikisha.

Tatu, tujue thamani ya kile tulicho nacho. Sisi hapa Tanzania hatuna posho ya kila mtoto kwa kila mfanyakazi. Lakini mwaka 2016 ada ilipofutwa kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita, gharama ilihama pia, safari hii kwenda upande mzuri: ilitoka kwa mzazi ikaenda hazina. Binti yangu yuko kidato cha tano sasa. Aliingia bila ada, na angekuwa amezaliwa miaka michache nyuma nisingejua ningetoa wapi. Sare, madaftari na chakula bado viko juu yetu, na ndiyo sababu vikao vya wazazi shuleni si vya kukwepa. Kila gharama inapotajwa pale, uliza: ilikuwa inabebwa na nani jana, na leo imehamia kwa nani? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Gharama isiyoulizwa huwa inaishia kwa mama.

Juzi binti yangu aliongea na mama yake mdogo kwa simu. Nilikuwa jikoni nawasikia. Aliambiwa, "Mwanangu, Aprili ikifika nitajaribu tena kukutumia chochote." Binti akajibu, "Mama mdogo, mnunulie kwanza yule mdogo viatu. Mimi nipo sawa."

Sikumfundisha maneno hayo. Nilimwaga chozi kidogo, nikaendelea kukoroga mboga.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mada yetu ya watoto wanaosumbua kula. Na kama una ndugu ambaye hamjasemezana kwa sababu ya hela, leo mpigie.